Mkienda Kingston wawili, kila mmoja awe na siku yake ya kuongoza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro, anayetarajia kufunga ndoa mwezi Desemba, aliniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba mtu na mwenzi wake wakienda Jamaica wanapaswa kuukwepa mji mkuu na kukimbilia hoteli za ufukweni upande wa kaskazini. Swali lake limenikumbusha wakala wa safari wa hapa Dar es Salaam aliyetuambia, mimi na mume wangu, kwamba Kingston ni mji wa kushukia ndege na kuondoka, na kwamba hakuna fungate inayofanyika pale. Tulimshukuru, tukaondoka na pesa zetu, tukaipanga safari wenyewe. Sifichi kwamba ninaandika haya kwa fahari, maana walikuwapo pia ndugu waliotuaga kana kwamba tunakwenda vitani.

Safari yenyewe ya angani siisimulii, isipokuwa jambo moja: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, na mkipitia Marekani mtahitaji viza ya huko hata kama mnabadilisha ndege tu. Angalieni viza kwanza, kisha ndiyo bei ya tiketi.

Uwanja wa ndege wa Norman Manley uko kwenye Palisadoes, ukanda mwembamba wa nchi kavu wenye bahari pande zote mbili. Kwenye ncha ya ukanda huo iko Port Royal, mji ambao sehemu yake kubwa ilizama kwa tetemeko la ardhi la tarehe 7 Juni 1692, na walionusurika wakahamia ng'ambo ya bandari na kuanzisha Kingston. Mgeni anaingia mjini akiwa na bandari kushoto kwake na milima ya Blue Mountains mbele yake, huku magari yakipita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu. Mume wangu alifurahi, akasema kwamba hapa ni Dar es Salaam tupu, kwa foleni, honi na wauza maji ya chupa. Mimi nilikuwa nikitazama nondo zilizofungwa kwenye baraza za nyumba na madirisha yake, nikijiuliza ni nini watu hawa wanajikinga nacho. Kabla hatujafika tulikolala, kila mmoja wetu alikuwa na Kingston yake, na nadhani wenzi wengi huanza kugombana safarini pale wanapotaka kulazimishana kuona mji mmoja.

Jambo la kwanza lililotushtua wote wawili lilikuwa bei. Jamaica hutumia dola yake, na alama inayoandikwa kwenye vibao ni ileile ya dola ya Marekani, kwa hiyo mtu akikuambia nauli ni dola elfu nne, usizirai. Dola moja ya Marekani ni takriban dola 160 za Jamaica. Ulizeni ni dola ipi kabla hamjaingia kwenye gari, na kubalianeni mapema ni nani kati yenu anayeuliza.

Nasisitiza hilo la nani anayeuliza kwa sababu ya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nyumba ya wageni tuliyofikia niliitafuta mimi, nikaandikiana na mwenyewe mimi, na nikailipa kwa pesa yangu. Tulipofika, mwenye nyumba alimkabidhi mume wangu ufunguo, akamweleza mume wangu habari za maji ya moto na kifungua kinywa, akamuuliza mume wangu kama amependa chumba, nami nimesimama pembeni na mkoba wangu mkononi. Mume wangu alijibu yote kwa bashasha. Barabarani ilikuwa hivyo hivyo: nikitangulia hatua chache, vijana waliniita "empress" kwa sauti za kubembeleza; mume wangu akinifikia, walimsalimu yeye kwa heshima, "respect, boss", nami nikageuka hewa. Akina baba mnaosoma hapa, mgeni akimsahau mkeo, mkumbushe papo hapo. Kusema "muulize mke wangu, ndiye aliyepanga" hakumpunguzii mwanamume kitu, na mke anayelazimika kujisemea mbele ya mumewe ataikumbuka siku hiyo kuliko picha zote mtakazopiga. Tuliongea usiku ule, na tangu hapo malazi na chakula vikawa vyangu, usafiri na kubadilisha fedha vikawa vyake.

Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa lile ninalotaka kuwashauri hasa: kila mmoja awe na siku yake, achague mahali, na mwenzake amfuate bila kunung'unika. Mume wangu alichagua Uwanja wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Jamaica. Mimi sikuona kwa nini nikatazame uwanja mtupu juani. Ni pale langoni ndipo aliponieleza kwamba tarehe 17 Mei 1975, Filbert Bayi wetu alikimbia maili moja mjini Kingston kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaivunja rekodi ya dunia ambayo Mmarekani Jim Ryun alikuwa ameishikilia tangu 1967, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Alimsimulia mlinzi pia, kwa mikono yote miwili, na mlinzi, ambaye aliwajua wakimbiaji wa kwao tu, Don Quarrie na Usain Bolt, aliishia kutufungulia tuchungulie njia ya kukimbilia. Nami nilikaa sana mbele ya sanamu ya Merlene Ottey, mwanamke aliyeshiriki Olimpiki saba, kuanzia 1980 hadi 2004.

Siku yangu nilimpeleka Mona, kwenye Chuo Kikuu cha West Indies. Mimi nilisoma Mlimani, na pale hatukuweza kumaliza mwaka bila kutajiwa Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Alifundisha Dar es Salaam, akaenda Mona mwaka 1968, na mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ya Jamaica ikamzuia kurudi nchini alipokuwa akitoka mkutanoni Kanada. Tarehe 16 Oktoba wanafunzi waliandamana kutoka chuoni na mji ukachafuka. Mwaka uliofuata Rodney alikuwa amerudi Mlimani. Nilitaka kusimama mahali walipoanzia. Mume wangu, ambaye vitabu vya historia humletea usingizi, ni mhandisi wa maji, na alikuta pale mabaki ya mifereji ya mawe iliyopeleka maji kwenye mashamba ya miwa yaliyokuwapo kabla ya chuo. Nilipotaka kuondoka yeye ndiye aliyekataa. Mngefuatana kila mmoja akivuta kwake, msingeyaona hayo.

Mahali pekee ambapo siku zetu zilikutana ni Emancipation Park, penye sanamu kubwa ya shaba iliyotengenezwa na msanii Laura Facey, ya mwanamume na mwanamke walio uchi kabisa, wakitazama juu. Ilizinduliwa mwaka 2003 kukumbuka mwisho wa utumwa, na Wajamaika wenyewe waliibishania sana. Mume wangu aliitazama, akakohoa, akasema, "Hii usithubutu kuiweka Mnazi Mmoja." Mimi naiona ni nzuri, na tumebaki kila mtu na lake.

Kuhusu chakula sina mengi: wali wao wa maharage hupikwa kwa nazi, kwa hiyo hamtalala njaa, na kabla ya kuomba chochote dukani semeni habari za asubuhi kwanza, maana wanalijali hilo kama sisi. Kuhusu usalama, hatari ipo na si ya kufanyiwa mzaha; waulizeni wenyeji ni mitaa ipi ya kuepuka, na usiku tembeeni kwa teksi mliyoitiwa na watu wa mlikolala.

Ufukweni kaskazini tulikwenda mwishoni, kwenye hoteli yenye ukuta na geti, ambako mgeni anaweza kukaa wiki nzima asizungumze na Mjamaika ila anayemletea soda. Mchanga ni mzuri. Lakini mimi ninakaa Kigamboni.