Kiangazi Acha Vitunguu vya Maua Vilale

Kila ifikapo Julai, watu wakiwa wanapuliza salfa kwenye mikorosho, majirani na ndugu huniuliza swali lilelile: "Dada, maua yangu yamenyauka, nimwagilie mara ngapi?" Usimwagilie. Hayajafa, yamelala.

Nazungumzia maua yanayoota kwenye kitunguu: amarilisi, yale yenye maua makubwa kama tarumbeta, na lile la porini kwetu, jekundu la duara kama mpira, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kwa bibi yangu Newala lilikuwa likichomoza lenyewe pembeni mwa shamba mara mvua za kwanza zikigusa ardhi. Miezi yote ya jua hakuna aliyelimwagia hata kata moja ya maji, na maji yenyewe kule tuliyachota mbali. Ningelikumbuka hilo mapema, nisingepoteza vitunguu 14.

Nilipohamia Shangani, hapa Mtwara mjini, jirani alinigawia amarilisi zake. Desemba zikachanua vizuri sana. Juni majani yakaanza kuwa ya njano, nikadhani ni kiu, nikawa nazimwagia ndoo nzima kila jioni. Septemba nikafukua kimoja: laini kama embe bovu, kinanuka. Vyote vilikuwa hivyo. Niliumia, maana nilivipenda na nilivihudumia kwa moyo.

Kitunguu ni ghala. Wakati wa mvua majani hutengeneza chakula na kukiteremsha chini, na ua la mwakani hutoka humo. Amarilisi huweka tumba la ua ndani ya kitunguu kila baada ya majani manne hivi. Kwa hiyo ukiyafyeka Februari kwa sababu yameangukia njiani, umefyeka ua ambalo bado hujaliona. Kata bua la ua tu, mara maua yakinyauka, lisimalize nguvu kuzaa mbegu. Majani yaache mpaka yakauke yenyewe.

Kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, pengine Mei. Ukiufuata msimu huo, kazi ni ndogo. Mimi hupanda Oktoba, minada ya korosho ikianza. Mchanga wetu hautuamishi maji, jambo jema kwa vitunguu, ila hauna rutuba, hivyo nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Amarilisi naiacha theluthi ya kitunguu ikiwa juu ya ardhi. La porini nalifukia hadi shingoni. Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi na kivuli mchana. Usipande chini kabisa ya mwembe, kivuli chake ni kizito mno.

Adui mkubwa ni kiwavi mweusi mwenye mabaka meupe yenye umanjano. Anaanza ndani ya jani, huwezi kumwona, unaona tu jani limekuwa kama karatasi yenye unyevu. Ukichelewa siku chache anashuka hadi kwenye kitunguu chenyewe. Mimi huwakagua kila jioni wakati wa mvua, nageuza jani, nawaokota kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Jani lililokwisha kutobolewa nalikata na kulichoma moto.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: vitunguu hivi vina sumu, na vikikauka vinafanana na vitunguu maji. Mdogo wangu aliwahi kuviweka jikoni kwenye ungo, nusura vikatwe kwenye mchuzi. Vihifadhi kwenye kifuko chenye alama, mbali na jikoni, mbali na watoto na mbuzi.

Na usivifukue kila mwaka. Maua haya hayapendi kusumbuliwa. Yangu ya sasa yamekaa mwaka wa nne mahali pamoja, na pembeni yamezaa watoto kama mgomba. Oktoba hii nitawatenganisha, kidonda nikiache kikauke kivulini siku mbili tatu ndipo nipande. Mtoto wa amarilisi atachukua miaka miwili mitatu, hata zaidi, kabla hajatoa ua. Wa kwanza nitampelekea yule jirani aliyenigawia.