Sigara, mlo na damu ya mzee

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 72, amevuta sigara tangu ujana. Nimesikia damu ya wazee hupata mabadiliko ya vinasaba yanayoleta saratani na maradhi ya moyo. Akiacha sigara sasa yatafutika? Je, picha kamili ya damu itayaonyesha? – Msomaji, Chamwino

JIBU: Marahaba. Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Picha kamili ya damu huhesabu chembe, haisomi vinasaba vyake. Mzee anaweza kuwa na mabadiliko hayo na majibu yakatoka safi. Kipimo cha vinasaba kipo, ila kwa asiyeumwa hatukishauri: hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuyaondoa.

Damu hutengenezwa na seli mama ndani ya uboho wa mifupa. Kila zinapojigawa hunakili vinasaba, na makosa hutokea. Mengi hayadhuru. Lakini kosa likiangukia jini (kipande cha vinasaba) kama DNMT3A au TET2, seli hiyo huzaana kuliko wenzake na ukoo wake hutanda kwenye damu. Kwa waliopita miaka 70, zaidi ya mtu 1 kati ya 10 anao ukoo wa namna hiyo. Wanaopata saratani ya damu ni wachache, takriban asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka. Kwa maoni yetu, cha kuhofia zaidi ni moyo: chembe nyeupe za ukoo huo huchochea uvimbe (si ule wa saratani) kwenye kuta za mishipa ya damu.

Sigara inahusishwa hasa na kosa katika jini ASXL1. Akiacha, lililokwishatokea halifutiki, lakini mishipa yake itapata nafuu hata katika umri huo. Wanaokula vizuri nao huonekana kuwa na mabadiliko haya kwa uchache, ingawa hilo halithibitishi kwamba mlo ndio uliowakinga.

Basi linda moyo. Atembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, asubuhi kabla jua la Dodoma halijakolea. Ugali wa uwele au mtama na mboga za majani ni chakula kizuri. Tatizo ni magadi ya kwenye mlenda: yana sodiamu kama chumvi, na watu huyasahau wanapohesabu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Apimwe presha na sukari.

Picha ya damu ikionyesha upungufu wa chembe usioeleweka unaojirudia, au akipata michubuko bila kugongwa, homa zisizoisha au kukonda, aombe rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya damu.