Sukari Imeshuka, Mbona Mzee Hainuki Kitini?

Swali la kwanza kwenye kliniki ya sukari huwa ni "leo imesoma ngapi?" Mzee akisema 6, kila mtu anapumua. Suruali inayofungwa kwa kamba siku hizi, maana mzee amekonda, haiulizwi. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, namba ya sukari bila habari za miguu ni nusu ya taarifa.

Baada ya mlo, sukari nyingi inayotolewa kwenye damu kwa nguvu ya insulini huingia kwenye misuli. Mapaja na makalio yakinywea, ghala limepungua, na sukari ya chakula hubaki ikizunguka. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kula, mashine inaweza kusoma 5.8 huku mchana ikipanda kimyakimya. Siku mbili kwa wiki, mpime pia saa mbili tangu alipoanza kula. Ikivuka 10 mara kwa mara, mwambie daktari. Mashine ikisoma namba kubwa kama 180, hiyo ni mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L, ambayo ndiyo namba zote za sukari hapa.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, ni kizuri lakini kina mitego. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kwa mzee mwenye nguvu zake, lengo huwa chini ya 7 au 7.5, kwa aliyedhoofika au mwenye maradhi mengi, chini ya 8 inatosha, na kumkaba zaidi ya hapo ni kumtafutia kuanguka. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe zake za damu zinavunjika haraka, kipimo hiki huweza kumdanganya, mara nyingi kwa kusoma chini. Upungufu wa madini ya chuma huweza kukipandisha. Majibu yasipolingana na mashine ya kidole, uliza wingi wa damu kwanza.

Sasa miguu. Chukua kiti kigumu kisichoteleza, cha kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke wima na kukaa mara 5, nawe usimame ubavuni. Mara zote 5 zikizidi sekunde 15, nguvu zimepungua. Akishindwa hata mara moja bila kujishika, hiyo ni taarifa ya kupeleka kliniki mwezi huuhuu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, kwa kiti kilekile. Mizani peke yake haitoshi, maana tumbo linaweza kuongezeka huku mapaja yakiisha. Ila akipoteza kilo 3 kati ya 60 ndani ya miezi sita bila kukusudia, usishangilie: huenda sukari iko juu mno, huenda ni kifua kikuu au saratani. Apimwe.

Kosa kubwa liko jikoni. Mzee anaambiwa "punguza wanga", basi anabaki na kijiko cha ugali wa dona na mchicha. Wanga umepungua kweli, ila protini haikuongezwa. Anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72 kwa siku, zigawanywe kwenye milo yote. Asubuhi mayai mawili na glasi ya maziwa yasiyotiwa sukari: kama 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva na kipande cha samaki cha gramu 60: karibu 30. Jioni dagaa wakavu gramu 30: 15 au zaidi. Gramu 60 za samaki si gramu 60 za protini. Hapo wengi hukosea hesabu. Asiye na meno asagiwe dagaa, apondewe maharage. Supu ya mifupa inasifiwa kupita kiasi. Nguvu iko kwenye nyama iliyobaki sufuriani. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Na hapa kuna mtego mwingine: kreatinini, taka ya damuni inayopimwa kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli. Mzee aliyekonda anaweza kuonekana ana figo nzuri kumbe misuli tu ndiyo haipo. Daktari akumbushwe hilo anapopanga kiasi cha metfomini, dawa ya sukari inayopangwa kwa kuangalia figo.

Chakula bila kazi hakijengi msuli. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane: kuinuka kitini mara 8, kupumzika, kurudia hadi awamu tatu. Kisha kunyanyua visigino akishika meza, na kusukuma ukuta kwa mikono. Zikiwa rahisi, ashike chupa ya maji ya lita moja kila mkono. Pumzi isibanwe. Baada ya mlo mkubwa, dakika 10 za kutembea uani husaidia sukari ya mlo ule.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) apime kabla ya mazoezi; ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Akitetemeka, akitoka jasho au akianza kuongea ovyo, na mashine inasoma chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari huweza kushuka tena usiku hata baada ya kupona mchana. Mzee anayeruka milo na bado anaimeza ana sababu ya kuomba dawa nyingine.