Pampu Tatu, Boila Moja: Nyaya za Kupasha Nyumba kwa Kanda

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ilboru. Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba sita, na kwa sababu ya baridi ya Juni hadi Agosti tuliweka boila ya gesi inayopeleka maji ya moto kwenye rejeta za ukutani. Mabomba yamegawanywa katika kanda tatu: vyumba vya juu, vyumba vya chini pamoja na sebule, na tangi la maji ya kuoga. Kila kanda ina pampu yake ya kuzungusha maji na themostati yake. Shida ni kwamba themostati moja ikiita joto, pampu zote tatu huzunguka. Isitoshe, hata pampu zote zikiwa zimezima, rejeta za juu hubaki na joto. Fundi alipojaribu kurekebisha, kadi ya boila (ubao wake wa umeme) iliungua, tukakaa siku nne bila maji ya moto. Kabla sijamwita fundi mwingine ningependa kuelewa nyaya hizi zinapaswa kupita vipi. – Mama mwenye nyumba ya wageni, Ilboru, Arusha

JIBU: Mama, pole sana kwa siku hizo nne, na hongera kwa kutaka kuelewa kabla ya kulipa, kwa maana mwenye nyumba anayejua kazi inavyopaswa kuwa humsaidia hata fundi mzuri. Dalili mbili kati ya ulizozitaja ni za umeme, na ile ya rejeta za juu ni ya mabomba.

Pampu zote huzunguka pamoja kwa sababu nyaya zinazotoka kwenye themostati zako tatu zimekutanishwa mahali pamoja kabla ya kufika kwenye pampu. Themostati ni swichi tu inayojifunga chumba kikipoa, na waya unaotoka humo hupata umeme pale tu inapoita. Ukizifunga nyaya tatu za namna hiyo katika kiunganishi kimoja, ile iliyopata umeme huwapa wenzake wote, na pampu ya chumba ambacho hakijaita chochote huanza kazi kana kwamba imeitwa. Fundi wako yamkini aliona kwamba boila ni moja na inatakiwa kuwaka kwa ajili ya kanda yoyote, akadhani njia ni kuzikusanya themostati. Kukusanya kunahitajika kweli, ila mahali pake ni kwenye boila, na kunafanywa kwa kontakti (vipande vya chuma vinavyogusana kufunga njia ya umeme) zisizobeba umeme.

Kifaa kinachotenganisha kazi hizo mbili, kuwasha pampu na kuita boila, ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili yake koili hiyo ikipata umeme. Kila kanda iwe na rilei yake yenye jozi mbili za kontakti. Themostati ya kanda huamsha koili ya rilei hiyo peke yake. Jozi ya kwanza ya kontakti hupeleka waya wa moto (wenye umeme) kwenye pampu ya kanda hiyo, na jozi ya pili haipewi umeme wowote kutoka kwetu, kazi yake ikiwa kufunga njia kati ya skrubu mbili za boila zilizowekwa kwa ajili ya kuiita. Jozi za pili za rilei zote tatu huunganishwa sambamba, yaani waya mmoja kutoka boila hugusa upande mmoja wa kila jozi na waya mwingine hugusa upande wa pili, hivi kwamba rilei yoyote ikijifunga boila huwaka, na zote zikifunguka boila huzima. Kwa mpangilio huo kanda hazikutani popote isipokuwa kwenye nyaya hizo mbili za kuita.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha kadi yako kuungua. Katika boila nyingi skrubu za kuita hufanya kazi kwa volti ndogo inayotoka kwenye kadi yenyewe, mara nyingi volti 24 au chini yake, na mtu akipeleka hapo waya wa moto wa volti 230 uliotoka kwenye pampu, kadi huharibika papo hapo. Zipo boila zinazopokea volti 230 kwenye wito, kwa hiyo mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha boila yako ndio wa kuaminiwa, wala usikubali mtu akisie. Nyaya za volti ndogo zipitishwe katika bomba lake la plastiki, mbali na nyaya za pampu, na rilei itakayochaguliwa iwe ile ambayo mtengenezaji ameiandikia kwamba jozi zake za kontakti zimetengwa kwa kiwango cha volti 230.

Yapo maboksi yaliyotengenezwa tayari kwa kazi hii, yenye nafasi ya kanda tatu, nne au sita. Usipolipata, rilei za kawaida za pini 8 zenye kikalio chake, zikifungwa kwenye reli ndani ya boksi lenye mfuniko, hufanya kazi ileile. Koili ilingane na themostati zako: za volti 230 zitumie koili ya volti 230, na za volti 24 zipewe transfoma ndogo na koili ya volti 24.

Kuhusu ulinzi, pampu ndogo ya aina hii hutumia takriban wati 45 hadi 100. Tukizihesabu tatu kwa wati 90 kila moja tunapata wati 270, ambazo kwa volti 230 ni kidogo tu zaidi ya ampia 1, hivyo breka moja ya ampia 6 na waya wa milimita za mraba 1.5 zinatosha kwa pampu zote na boila yenyewe. Nasisitiza breka moja. Boila ikipewa umeme kutoka breka moja na pampu kutoka nyingine, fundi atazima ya pampu, afungue boksi akiamini pako salama, kumbe humo mna waya wenye umeme uliotoka upande wa boila. Weka pia swichi ya kuzimia karibu na boila, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30, kwa kuwa hapa maji na umeme vinaishi chumba kimoja. Waya wa ethi ufike kwenye kila pampu na kwenye boila. Kama nyumba yako ni ya zamani, ndani ya kuta utakuta waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi, ilhali waya mpya ni kahawia na buluu. Nyaya hizo zinapokutana kwenye boksi fundi aandike lebo, na apime kwa testa kabla ya kugusa.

Kwa nyumba ya wageni ningeongeza jambo moja ambalo nyumba ya familia inaweza kuishi bila nalo: tangi la kuoga lipewe kipaumbele. Saa kumi na mbili asubuhi vyumba sita vinapofungua bafu kwa mpigo, boila inayogawa nguvu zake kwa rejeta pia itashindwa pande zote. Waya wa moto unaolisha kontakti za pampu za vyumba upitishwe kwanza kwenye kontakti ya rilei ya tangi iliyo katika hali ya kufungwa wakati rilei imelala. Tangi likiita, kontakti hiyo hufunguka na pampu za vyumba husimama, likitosheka, zinarudi. Kuta za tofali hazipoi kwa nusu saa, na mgeni hatajua kwamba rejeta ilipumzika. Rilei hii ya tangi iwe na jozi tatu, au ipewe mwenzake, kwani mbili za kwanza tayari zina kazi.

Sasa zile rejeta za juu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, nayo hupanda yenyewe kutoka boila hadi ghorofani hata pampu isipozunguka. Pampu ya kanda jirani pia inaweza kusukuma maji kinyume kupitia pampu iliyolala. Dawa ni vali ya kuzuia maji kurudi, ambayo mafundi bomba huiita nonritani, katika bomba la kila kanda. Kwa kanda ya juu iwe ile yenye springi, ili isifunguliwe na mpando huo mdogo wa maji. Hakuna waya utakaotibu jambo hili, na wengi wamebadilisha themostati bure wakilitafuta.

Kazi ikiisha, usikubali kukabidhiwa kwa maneno. Nyaya mbili za kuita zikiwa bado hazijafungwa kwenye boila, mwombe fundi apandishe themostati moja moja, mkasikilize pampu gani inazunguka. Kisha apime kati ya nyaya hizo mbili, na kipimo kionyeshe kwamba hakuna volti yoyote, na kwamba njia inafungwa kanda yoyote ikiita na kufunguka zote zikinyamaza. Baada ya hapo ndipo ziunganishwe. Kwa kazi kama hii mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji umeme, na uiombe uione.

SWALI: Sisi tuna hosteli Machame na boila yetu ni ya kuni. Umeme ukikatika pampu husimama na boila huanza kunguruma kwa mvuke. Tumenunua inveta, lakini ikiwasha pampu, pampu zenyewe huvuma na kuwa za moto. – Msomaji, Machame, Moshi

JIBU: Ndugu yangu, lako ni la haraka kuliko la Mama wa Ilboru, kwa sababu gesi huzimika kwa rilei lakini kuni haziambiwi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji katika mfumo wa wazi huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo nafasi yenu kabla ya mvuke ni ndogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam.

Wekeni rejeta moja juu ya boila, iliyounganishwa kwa bomba pana linalopanda bila vali ya kuzuia maji kurudi, pamoja na vali ya umeme ambayo hufunguka yenyewe umeme unapokosekana. Joto la ziada litapanda huko bila pampu yoyote. Zaidi ya hapo, fungeni swichi ya joto kwenye bomba linalotoka boila, iwashe pampu ya kanda mojawapo ya vyumba maji yakifikia kiwango mlichochagua, hata kama themostati ya chumba imetosheka. Kuhusu inveta, uvumaji huo ni alama ya inveta inayotoa wimbi la ngazi ngazi. Mota za pampu zinataka wimbi laini kama la TANESCO, nanyi msiendelee kuzitumia hivyo, kwani koili zitaungua. Kuni zikiwa ndani na umeme umekatika, fungeni mlango wa hewa wa boila, wala msiumwagie moto maji.

SWALI: Shemeji ameniletea pampu nne kutoka Marekani zilizoandikwa volti 120, hezi 60. Je, transfoma ya kushusha umeme itatosha? – Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Transfoma itashusha volti, lakini hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, zitabaki 50 za hapa kwetu, na mota hufuata hezi: itazunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Soma kibao cha kila pampu. Palipoandikwa 50/60, transfoma yenye uwezo unaozidi jumla ya wati za pampu zote inafaa, iwekwe kabla ya rilei na iwe na breka yake upande wa kuingilia. Palipoandikwa 60 pekee, zirudishwe, na ununue za volti 230 na hezi 50.