Jibu: Binti yako wa Sinia 3 (mwaka wa tatu wa sekondari) anayesema "mimi na hesabu basi"

Pole dada, nimekuelewa, yaani mtoto alipata alama nzuri PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lakini tangu achekwe ubaoni hata daftari hafungui. Mi nafundisha hesabu hapa Arua, Uganda, na hiyo naiona kila muhula, mtoto akishajiita mjinga anaacha kujaribu, asipojaribu anafeli, halafu ile feli anaichukua kama ushahidi.

Usimwambie tu "jiamini", haisaidii. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba kujiamini kunajengwa zaidi na kufaulu mwenyewe, so mrudishe kwa maswali ya Sinia 1 anayoyaweza, matano tu kila jioni, msahihishe pamoja, na umsifie vile alivyohangaika na swali, sio akili. Na tafadhali acha kumlinganisha na kaka yake, hiyo inaumiza kuliko kiboko. Pia ongea na mwalimu wake, lakini binti asiwepo.

UCE, ule mtihani wa mwisho wa Sinia 4, bado mwaka mzima, muda upo. Ila akianza kukosa usingizi, kukataa chakula au kusema heri asingezaliwa, usingoje, mpeleke hospitali mwone mshauri, ama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.