Nimeandika "second to none", kaka anasema nimejishusha

SWALI: Habari za kazi dada, naomba unisaidie haraka maana barua natakiwa niipeleke Jumatatu. Naomba kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, nikaandika kwamba huduma ya pale nilipokuwa nafanya mwanzo ilikuwa second to none, na kwamba mimi nilikuwa senior than wenzangu. Kaka yangu kaisoma akasema hapo nimejishusha mwenyewe, mtu gani anajisifia halafu anasema yuko wa pili? Nifute au niache?
Msomaji, Arusha

JIBU: Mdogo wangu, usifute. Kaka kasoma neno moja moja ndo maana imemchanganya, hii misemo ya Kiingereza ya kupima nani yuko juu ukiikatakata inakupoteza kabisa. Second to none ni kwamba hakuna hata mmoja anayekutangulia, yaani huna mpinzani, wengine wote cha mtoto.

Kuna mfano naupenda sana. Uingereza wana kikosi cha jeshi kinaitwa Coldstream Guards, kilianza 1650, ni wakongwe kuliko Grenadier Guards walioanza 1656, lakini kwenye itifaki Grenadier ndo wanatangulia kwa sababu waliingia mapema kwenye utumishi wa mfalme. Sasa Coldstream wakubali kuitwa wa pili? Wapi! Kaulimbiu yao ni Nulli Secundus, Kilatini cha hiyohiyo second to none, na kwenye gwaride la pamoja wanasimama kushoto kabisa mwa mstari ili mradi tu wasikae namba mbili.

Ila angalia, ukisema second only to umebadilisha habari. Mlima Kenya una mita 5,199, ni second only to Kilimanjaro wenye mita 5,895, hapo ni wa pili kweli, ila wa pili mwenye heshima zake. Second-rate ndo usiiguse kabisa. Zamani haikuwa tusi, jeshi la majini la Uingereza enzi za meli za tanga lilikuwa linapanga meli za vita kwa idadi ya mizinga, first-rate zina mizinga 100 kwenda juu na second-rate zinafuata hapo chini kidogo, bado ni limeli la kutisha, lakini leo ukiiita hoteli ya mtu second-rate umemwambia haina kiwango.

Pa kurekebisha ni senior than. Senior, junior, superior na inferior zimetoka Kilatini zikiwa na "zaidi" ndani yake tayari, kwa hiyo zinafuatwa na to: senior to my colleagues. Na more superior pia usiandike, ni kama kusema zaidi zaidi. Hili nakutana nalo kwenye barua nyingi mno na linaniuma, mtu kazi anaijua vizuri tu halafu anaangushwa na kineno cha herufi nne.

Ila ningekuwa mimi hiyo sentensi ya wenzako ningeitoa yote, meneja akisoma kwamba ulikuwa juu yao hajui ulikuwa juu kwa lipi. Kama ulisimamia zamu ya usiku mwandikie I supervised the night shift, taja na watu mlikuwa wangapi, atakuelewa. Na kaka msomee hili jibu kwa upole, alikuwa anakutakia mema.