Maswali yenu: pasi inayolia, friji namba 7 na kidude cha zebaki

Wiki hii wengi mmeuliza juu ya themostati, kile kifaa kinachokata na kurudisha umeme kufuatana na joto, basi nazijibu zote hapa.

Pasi yangu ikishapata moto inalia "tik" na taa inazima. Inataka kufa? (Masasi)

Haifi, ndiyo inafanya kazi. Juu ya bamba la chini kuna ukanda wa metali mbili zilizounganishwa. Zikipata joto moja hutanuka kuliko mwenzake, na kwa vile haziwezi kuachana, ukanda unapinda. Ukipinda vya kutosha unaachanisha pointi, umeme unakatika: hiyo ndiyo "tik". Pasi ikipoa, unanyooka na taa inawaka tena. Kile kitufe cha kuzungusha kinaamua tu ukanda upinde kiasi gani kabla ya kukata. Nukta tatu kwenye kitufe hicho ni karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ile metali isiyotanuka sana mara nyingi ni Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli aliougundua Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, naye akapata Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Ya kuogopa ni pasi isiyolia kabisa. Pointi zimegandana hizo, na kanga yako ndiyo itakayokuambia.

Nauza barafu. Nikiweka friji namba 7, maji yataganda haraka kuliko namba 4? (Lindi mjini)

Kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ya friji hizi za zamani haina mwendo wa kasi wala wa polepole: ama inawaka ama imezima. Hizo namba si nyuzi joto. Kuna mrija mwembamba wenye gesi, ncha yake imegusa sehemu inayogandisha. Pakipoa gesi inapungua nguvu, swichi inakata. Namba 7 inaichelewesha kukata, basi. Kwa barafu inasaidia, maana kwenye 4 inaweza kupumzika maji hayajaganda. Ila kwa joto la Lindi, usiku sikiliza kama inapumzika. Isipopumzika kabisa, uniti za LUKU zinakwisha bure. Kagua mpira wa mlango kwanza.

Fundi ameitoa themostati, kaunga waya dairekti. Sawa? (Newala)

Si sawa. Kompresa haitapumzika tena. Mrudishie afunge nyingine.

Kwenye mzigo wa mtumba nimekuta kidude cha duara, ndani kichupa chenye kitu kama fedha. Nifunge kwenye AC? (Mikindani)

Hapana. Hiyo ni themostati ya ukutani ya nchi za baridi, ya kuwasha mitambo ya kupasha nyumba joto. Ile ya duara ya Honeywell iliingia sokoni mwaka 1953. Ndani kuna ukanda wa metali mbili kama ule wa pasi, ila umeviringwa. Joto likibadilika unageuka na kukiinamisha kichupa, zebaki inatiririka hadi kwenye nyaya mbili na kuziunganisha. Imetengenezwa kwa volti 24, sisi tunatumia 230. Kichupa kisivunjike: mvuke wa zebaki ni sumu. Kitie kwenye chombo chenye kifuniko cha kukaza, mbali na watoto.

Birika la umeme linachemka tu, halizimi. (Mtwara, Ligula)

Funika vizuri. Swichi yake inasubiri mvuke uifikie, na ukiacha wazi mvuke unapotelea juu.